Siku Mwanatumu Alipoufunga Ulimi

Katika mtaa wa Kaloleni, mjini Voi, hajapata kutokea mtu ajuaye kulalamika kama Mwanatumu binti Athumani. Wako walalamikao kwa uchungu, na wako walalamikao kwa husuda. Mwanatumu alilalamika kama wengine waimbavyo: kifua kimejaa na sauti ipo. Jua likiwaka, aliliambia jua. Upepo ukilileta vumbi jekundu juu ya nguo alizokwisha kuzianika, aliusuta upepo pamoja na ukoo wake wote. Treni ikipiga honi naye ndiyo kwanza ajinyooshe kupumzika mchana, alikaa kitako akauliza, "Kwani hili dude lamwogopa nani hata lipige ukelele hivi?"

Wala hakuwa na ubaya. Jirani akiugua, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi na bakuli la uji, akilalamika tangu mlangoni kwamba njia imezidi mashimo, kwamba paka wa nyumba ile hana adabu, na kwamba mgonjwa ameficha ugonjwa kama mtu afichaye dhahabu. Mgonjwa alicheka, akanywa, akainuka. Wajuzi wa mtaa walisema dawa ni kile kicheko. Uji ulikuwa msindikizaji tu.

Mumewe, Badawy, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Kibandani pake nyuma ya soko aliichambua sufi kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikapanda juu kama povu, kisha akaishindilia katika mifuko aliyoishona Mwanatumu. Walifanya kazi hiyo miaka arubaini na mmoja, mkewe akisema na yeye akisikiliza. Maneno ya Badawy yalikuwa machache, akiyatia kwa vidole vitatu, kama chumvi.

Neno lake moja alilirudia kila mwaka. Alfajiri, akitoka msikitini, husimama kizingitini akaitazama milima ya Taita, vilele vimejitanda wingu jeupe, akasema, "Mwanatumu, iko siku nitakupeleka kwenye msitu wa kule juu ukatembee ndani ya wingu."

"Ndani ya wingu!" Mwanatumu hujibu. "Nguo zangu zapata tabu kukauka huku chini kwenye jua, nawe wataka kuniroweka mimi mwenyewe!"

Basi wakabaki chini, wingu likabaki juu, na miaka ikapita baina yao.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, ilidhihirika kuwa sufi iliyowalisha maisha yote, nyingine ilikuwa ikijilimbikiza kifuani mwa Badawy. Alilazwa hospitalini siku kumi na moja. Alikohoa hadi mbavu zikamuuma, kisha akanyamaza, na kunyamaza huko kukawa kubaya kuliko kukohoa. Alasiri ya siku ya saba, Mwanatumu aliketi miguuni pa kitanda, ameushika unyayo wa mumewe juu ya blanketi kana kwamba ataponyoka. Walikuwapo Nasiha, mke wa mwanawe, na Rayhana, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili. Hao ndio mashahidi wa yale aliyoyatamka.

"Ewe Mola wangu," alisema, "ukimwinua huyu mzee kitandani hapa, nitakwenda naye kwenye msitu wake ule autakao. Na siku hiyo, tangu jua lichomoze hadi nitakapoutoka msitu, ulimi wangu hautalalamika hata neno moja. Hiyo ni nadhiri yangu kwako."

Badawy, aliyekuwa amefumba macho tangu asubuhi, alifumbua jicho moja.

"Hata neno moja?"

"Hata moja!" Mwanatumu alisema huku akilia.

"Basi napona," Badawy akasema, akalifumba tena lile jicho.

Na siku ya nne yake, kwa rehema za Mwenye rehema, alitoka hospitalini kwa miguu yake.

Kuweka nadhiri ni rahisi. Mtu huiweka machozi yakimtoka. Kuitimiza kwataka macho makavu. Mwezi baada ya mwezi Mwanatumu aliiahirisha safari, mara kwa mvua, mara kwa arusi ya watu, mara kwa mfungo. Mwishowe alimwendea maalim wa msikiti, akamuuliza kwa sauti ya chini kama hapana njia ya kuwalisha maskini kumi jambo likaisha.

"Kafara ni ya aliyeivunja nadhiri, bibi," maalim alimjibu, "si ya aliyeiogopa."

"Na nikiteleza nikalalamika, je, Mwenyezi Mungu atakirudisha kifua cha mzee kama kilivyokuwa?"

"Hasha. Mola hanyang'anyi alichokitoa kwa sababu ya ulimi wa bibi mmoja wa Kaloleni."

Mwanatumu alilisikia jawabu kwa masikio, lakini moyo haukulipokea. Usiku akimsikia Badawy akikohoa mara moja tu, alihisi kuwa pumzi ya mumewe imefungwa kwa uzi mwembamba, na ncha ya pili ya uzi huo imefungwa kwenye ulimi wake yeye. Ndivyo ilivyokuwa hali yake Jumamosi ile ya Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, watoto wamefunga shule, familia ilipoamua kwenda msitu wa Ngangao.

Jua lilichomoza juu ya mapaa naye ndiyo kwanza apige funda la chai. Chai ilikuwa imepoa, na juu yake imeelea ngozi ya maziwa.

"Hii chai..." alianza.

Nyumba nzima iligeuka. Amin, mwanawe wa pekee, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, alisimama na funguo za gari mkononi. Nasiha aliacha kufunga kitambaa cha sufuria. Rayhana alitoa macho kama paka aliyesikia mlango wa kabati.

"Hii chai ni neema," Mwanatumu alimaliza, akaimeza ngozi na yote.

"Mashaallah!" Rayhana alipiga makofi. "Lakini siku ndiyo kwanza ianze, mke mwenzangu." Kwa desturi ya utani wa bibi na mjukuu, Rayhana alijihesabu kuwa ni mke mdogo wa Badawy, na hakuiacha nafasi ya kumtia mke mkubwa wivu. "Nitakukalia kama kivuli. Ukilalamika tu, mume ni wangu peke yangu."

Mtihani wa pili ulikuwa wa barafu. Watu wa Voi hawa, wazaliwa wa jua, siku ya matembezi waliijua kuwa ni siku ya kutoka jasho. Amin alinunua mapande manne ya barafu akayapanga katika sanduku la kubebea. Nasiha alitengeneza maji ya ukwaju, na faluda ya waridi iliyogandishwa tangu jana, kisha akatia kapuni na vipepeo viwili vya ukindu vya kujipepea. Wote walivaa nguo nyepesi. Badawy alitoka katika kanzu ya melimeli unayoweza kuisomea gazeti upande wa pili.

Mwanatumu peke yake aliyajua ya milimani. Kwa miaka aliwaona sokoni wanawake wa Werugha waliokuja kuuza kabichi, wanavyoshuka garini wamevaa sweta mbili, wakazivua moja moja jua linavyopanda. Siku nyingine angelisema. Lakini alijua kuwa kila sentensi yake ianzayo kwa "mbona" huishia mahali pamoja, kwenye lalamiko. Aliyatazama mapande ya barafu yakiingia garini, akayatazama mabega ya mumewe katika ile melimeli, akauma mdomo wa chini. Kisha aliingia chumbani, akachukua kikapu kikubwa, akakijaza vitu, akakifunika kwa leso.

"Nini hicho, mama?" Amin aliuliza.

"Kikapu," akajibu.

Wakapita Mwatate, wakaziacha safu za mkonge nyuma, gari likaanza kupanda kwa kona juu ya kona. Kila kona ilileta majani zaidi na jua haba. Nasiha alifunga dirisha. Baada ya Wundanyi, Amin naye akafunga lake. Katika sanduku, barafu iligongana kwa furaha, nayo ndiyo peke yake iliyoipenda hali ile ya hewa.

"Bibi, masikio yamekuziba?" Rayhana aliuliza.

"Yamepumzika."

Mwongozaji wao, Thadeus, Mtaita wa makamo mwenye buti za mpira na sweta zito la kijani, aliwangoja kwenye lango la mbao. Aliwapa mkono mmoja mmoja kwa heshima. Alipofika kwa Badawy aliitazama ile melimeli, akayatazama mawingu yaliyokuwa yakipita mbele ya nyuso zao kama moshi wa jiko.

"Karibuni sana. Mzee, hii nguo imekuja kutembea ama imekuja kuanikwa?"

"Imekuja kuona wingu," Badawy alisema, meno yakigongana.

"Wingu ndilo hili. Na hilo sanduku mnabeba nini?"

"Barafu," Amin alisema.

Thadeus alikuwa mtu wa adabu. Aligeuka akautazama mti kwa muda, mabega yakimtetemeka, kisha akarudi na uso ulionyooka. "Hiyo ni sawa," alisema. "Hatujawahi kuletewa."

Hapo ndipo macho yote yalipomwelekea Mwanatumu. Baridi ilikuwa imepenya mifupani, umande ulidondoka juu ya ushungi wake, na kosa la barafu lilikaa wazi mbele yake, limenona. Nasiha alisema baadaye kwamba aliyaona maneno yakipanda shingoni mwa mavyaa wake kama maji yapandavyo katika mpira wa bomba.

Mwanatumu aliinama, akaitoa leso juu ya kikapu. Ndani mlikuwa na sweta tano za mtumba, shali moja, na soksi. Alimvisha Badawy sweta la kahawia mikono ikamfunika hadi vidole, akamzungushia shali shingoni mara tatu, akampigapiga kifuani kama apimavyo godoro kama sufi imekaa sawa.

"Ulijua!" Amin alimaka. "Mama, ulijua, na ukatuacha tukabeba barafu!"

"Mimi?" Mwanatumu alisema kwa upole usiowahi kuonekana Kaloleni. "Mimi leo sisemi mambo."

Njia ilikuwa nyepesi, ya watu wa rika zote, yazunguka ndani ya msitu na kurudi pale pale langoni. Miti mirefu ilivaa kuvumwani na mashina yake yalifunikwa na majani mabichi yaliyoning'inia, kama wazee waliovaa mashuke. Hapakuwa na mvua, ila kila jani lilikuwa na tone lake na kila tone lilimngoja mtu. Thadeus aliwaonyesha ndege mdogo mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, akichakura majani makavu. Akasema ndege yule hapatikani pengine popote katika dunia ila katika misitu michache ya milima hii. Badawy alisimama mbele yake kama mbele ya mfalme.

"Dunia yote hii," alinong'ona, "na yeye kachagua hapa."

"Amechagua vyema, pana..." Mwanatumu alianza, na mguu wake ukazama topeni mpaka kwenye kifundo. Kiatu kilibaki chini. Mguu ulitoka peke yake, mtupu, ukaning'inia hewani.

"Pana nini, bibi?" Rayhana aliuliza, sauti imejaa asali.

"Pana... upole wa ardhi," Mwanatumu alisema. "Ardhi ya kule kwetu ni ngumu. Hii yakupokea."

Amin alilazimika kushika mti.

Walitembea. Nasiha alijifunika kwa kipepeo cha ukindu asipigwe na matone, na hivyo kipepeo kikapata kazi. Faluda walijaribu kuila, wakaiacha. Kisha, mahali njia ilipopinda, Mwanatumu alianza kuchezesha bega. Akachezesha na nyonga. Akapiga hatua mbili mbele, moja nyuma, akajikung'uta, akazunguka.

"Bibi, mbona wacheza chakacha msituni?"

"Nina wageni," Mwanatumu alisema, ameuma meno.

"Wageni gani?"

"Wadogo wadogo. Wengi. Wamepanda bila kupiga hodi, na wengine wameshafika sebuleni."

"Siafu!" Thadeus alipaza sauti. "Mama amekanyaga siafu! Rukeni!"

Wote waliruka, kila mmoja upande wake. Nasiha alimvuta mavyaa wake nyuma ya shina nene, akaitanda leso, na nyuma ya leso kukasikika makofi, minong'ono na "hapa, hapa, chini kidogo." Mbele ya leso Rayhana alirukaruka kwa shangwe. "Amelalamika! Amesema wamepanda bila hodi! Hilo ni lalamiko, babu, hukumu!"

Badawy alitafakari. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini miaka arubaini na mmoja ya kusikiliza ilikuwa imemfanya mwanachuoni wa fani hii, asiye na mpinzani katika wilaya nzima.

"Si lalamiko," alitamka. "Asemaye mvua yanyesha hajalalamika, ametoa habari. Alalamikaye ni yule aulizaye kwa nini inyeshe leo. Mwanatumu! Wewe umeuliza kwa nini?"

"Sikuuliza!" sauti ilitoka nyuma ya leso. "Nimewahesabu tu!"

"Basi nadhiri imesimama. Endelea kuhesabu."

Adhuhuri iliwakuta kwenye uwanda mdogo wa nyasi. Amin alitafuta kibla kwa simu, wakatandika mikeka juu ya magunia, kisha swali likazuka: maji ya kutawadha. Kijito, Thadeus alisema, kiko mwisho wa njia, mwendo wa saa nzima. Wote waliligeukia sanduku. Mapande manne yale yalikuwa yameyeyuka nusu, na maji yake yalikuwa safi, mengi, na ya baridi ambayo haijapata kuteremka Voi tangu Voi iumbwe.

"Hakuna barafu iliyopotea," Badawy alisema. "Mwenyezi Mungu ni Mjuzi wa matumizi."

Nasiha alitawadha akipiga mayowe madogo madogo. Amin aliosha mikono na mikono ikakataa kukunjika. Rayhana alikimbia kuzunguka mkeka mara tatu baina ya kuosha uso na kuosha miguu. Mwanatumu alipandisha mikono ya buibui, akasema bismillahi, akayatia maji usoni. Alinyamaza. Akayatia kichwani. Akanyamaza. Alipofika miguuni alitazama juu, machozi yakimtiririka kwa ile baridi, akasema, "Alhamdulillahi, nimeamka." Thadeus, aliyekaa kando juu ya gogo, amevua kofia yake kwa heshima, aliapa baadaye kwamba tangu kubatizwa kwake hajaona watu waliomlipia Mungu maji kwa thamani ile.

Baada ya swala walikula pilau, nayo, kwa vile Nasiha aliifunga kwa blanketi asubuhi ili isimwagike, ilikuwa bado moto. Thadeus alikula sahani mbili, akaomba na ya tatu kwa macho tu. Chakula kile kilimpa kila mtu wazimu wa furaha. Amin, baba wa mtu, alitembea kinyumenyume akiimba. Nasiha alimvika Thadeus kipepeo kofiani. Badawy alikwenda mbele, shali likimpepea mgongoni, akigusa kila mti kama asalimiaye safu ya watu msibani, ila akicheka.

Ndipo walipoufikia mtambaazi.

Ulikuwa mnene kama mkono wa mtu, umeshuka kutoka mti mmoja, umejipinda kama kiti karibu na ardhi, juu ya shimo la tope, ukapanda mti wa pili. Mahali pa kukalia palikuwa pamesuguliwa na makalio ya wageni wengi.

"Hapa watoto wanakaa wanapigwa picha," Thadeus alieleza. "Ni kama bembea."

"Watoto tu?" Badawy aliuliza.

Kabla mtu hajajibu, mzee wa miaka sitini na minane, aliyetoka hospitalini mwaka ule ule, alikuwa ameipandisha kanzu yake, ameketi, na ameinua miguu.

"Nisukumeni," alisema.

Mwanatumu alipiga hatua moja mbele, akasimama. Siafu, tope, maji ya barafu, yote yalikuwa mzaha, haya siyo. Maneno yalijipanga mdomoni mwake kama askari: *Shuka wee mzee, una akili kweli, kifua hicho ukikipigisha chini nani atakikusanya?* Miaka arubaini na mmoja alimlinda kwa maneno ya namna hiyo. Alipomlalamikia vumbi alikuwa akikitazama kifua chake. Alipolisuta jua alikuwa akiitazama kofia aliyoisahau. Sasa ukuta wake ule hakuwa nao, ameutoa nadhiri, na mumewe anabembea juu ya shimo la tope akiwa na uso wa mtoto wa siku ya Idi.

Akiyasema, nadhiri imevunjika, na uzi ule alioufunga mwenyewe umekatika. Asipoyasema, mtambaazi huo...

Mwanatumu alikivua kiatu chake kimoja, kile kisichokuwa na tope. Akakivua na cha pili. Akakunja buibui, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye bembea.

"Sogea," alisema.

"Mwanatumu?"

"Sogea, Baba Amin. Kama ni kuanguka, utaangukia kitu laini."

Akaketi kando yake, akauzungusha mkono kiunoni mwake, ule mwingine akaushika mtambaazi kama ashikavyo mlango usiku wa upepo. Rayhana alipiga kelele za furaha, akawasukuma. Amin alisukuma. Wakaenda mbele, wakarudi nyuma, sweta la kahawia na buibui jeusi, na matone yakawanyea kutoka juu kama mchele arusini. Mara ya tatu walifika juu hata miguu ya Mwanatumu ikayagusa majani. Alifumba macho. Mara ya nne aliyafumbua.

Mara ya tano, mtambaazi ulilegea. Haukukatika, uliteleza tu kutoka kwenye tawi lake la juu, taratibu, kwa heshima, kama ngamia apigaye magoti, ukawateremsha wote wawili katikati ya lile tope.

Rayhana alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mwanatumu aliinuka nusu. Tope lilikuwa usoni, ndani ya mikono ya buibui, na leso mpya ya Idi haikuonekana tena rangi yake. Lakini hakuitazama leso. Badawy alikuwa amelala chali kando yake, macho yamefumbwa, mabega yanatikisika, bila sauti.

"Baba Amin?" alisema. "Baba Amin!"

Aliutia mkono kifuani kwake, juu ya shali. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kwa nguvu. Kisha sauti ikatoka: kicheko. Kicheko kirefu, kilichotoka chini kabisa, kikapanda, kikajaa msitu, kikamrusha ndege mdogo kichakani. Mwanatumu alingoja kikohozi. Tangu Rajabu hakuna kicheko cha Badawy kilichomalizika bila kikohozi. Alingoja, mkono kifuani, sikio karibu. Kicheko kilikwisha. Badawy alivuta pumzi ndefu ya lile wingu, akaitoa.

Kikohozi hakikuja.

"Umesikia?" Mwanatumu alimwuliza mumewe, akawageukia wengine. "Mmesikia? Hakuna kitu! Ni safi!"

"Bibi," Rayhana alisema, "una tope kwenye pua."

Mwanatumu aligusa pua yake, akalitazama lile tope kidoleni, akalipaka kwenye pua ya Badawy. Kisha akaanza kucheka naye, akacheka mpaka akakosa nguvu za kusimama, na Amin na Thadeus walipomvuta mikono walianguka nao. Waliokuja nyuma yao siku ile, kama walikuwapo, walikuta mahali pale tope limekanyagwa kama zizi la ng'ombe, na hawakujua kwa nini.

Saa kumi hivi waliliona lango. Kijito walishakivuka na kujiosha, ingawa kuosha kule kulihamisha tope tu. Badawy, aliyekuwa mbele siku nzima, alipunguza mwendo akawa sawa na mkewe.

"Mwanatumu," alisema kwa sauti ya chini, "toka upesi."

"Umechoka?"

"Sikuchoka. Lakini tangu asubuhi natembea na mama mmoja mpole sana, mwenye adabu. Nimeanza kumwonea haya. Nataka mke wangu."

Mwanatumu alitabasamu. Walipofika langoni aliwaacha wengine wapite. Alisimama na vidole vya miguu kwenye ubao wa chini wa lango, msitu mgongoni, akageuka akautazama mara moja, kama mtu aangaliaye chumbani kama hakusahau kitu. Alisema alhamdulillahi, polepole, neno zima. Kisha akauinua mguu, akavuka.

"Mama ameshinda!" Thadeus, aliyesimuliwa nadhiri ile wakati wa pilau, alipiga makofi.

Wakaingia garini. Amin aliwasha gari, wakapinda kona ya kwanza, na Mwanatumu akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Baba Amin," alianza, "ile chai ya asubuhi. Chai gani ile? Ngozi juu kama ngoma, na baridi hata nzi angeugua mafua! Na nyinyi wawili, Amin na mkeo, watu wazima wenye elimu, mwabeba barafu kuipeleka kwenye baridi, kwani mwaipeleka kwao kuzuru? Na huyu mtoto, amenikalia siku nzima kama deni, na kile kiatu changu..."

Nasiha aliinamisha kichwa magotini kwa kicheko. Rayhana alimkumbatia bibi yake shingoni kwa nyuma. Gari lilishuka kona baada ya kona, jua likaanza kurudi, na sauti ya Mwanatumu ilishuka nalo, imejaa, haina hata tundu moja, ikimfikia kila mmoja kwa zamu yake. Badawy alikilaza kichwa kitini, akafumba macho, uso umetulia kama wa mtu asikilizaye kasida aipendayo.

Walipokuwa wanakaribia Mwatate alifumbua jicho moja.

"Na wale siafu?"

"Siafu sijawafikia!" Mwanatumu alisema. "Ningali kwenye barafu!"

Badawy akalifumba tena lile jicho.